Siku Masatu Alipoendesha Vizuri

Masatu aliendesha magari ya watu kwa miaka kumi na tisa bila kugonga hata kuku, na madereva wote wa Musoma walimjua kwa hilo. Lakini jina jema halijazi tangi. Mwaka huu bosi wake, Nathanieli, mnunuzi wa pamba mwenye nyumba Nyakato, alianza kumtazama kwa jicho la pembeni, na kisa ni shangingi, lile gari lake kubwa la kifahari.

Bosi alikuwa amesoma kwenye simu kwamba gari la aina ile, likiwa kwenye lami, hula lita moja kwa kilomita kumi. La kwake halikufika saba.

"Mafuta mengine unamuuziaga nani?" aliuliza asubuhi moja, mbele ya wapakiaji wa pamba.

Neno lile lilimchoma Masatu kuliko kofi. Angeweza kujibu kwamba bosi huchelewa kuamka, halafu hutaka Mwanza ifikiwe kabla ya saa nne, gari likikimbia mia na arobaini. Kwamba kwenye misiba gari huachwa likinguruma saa mbili nzima, kiyoyozi kinawaka, ili mwenyewe asije akakalia kiti cha moto. Lakini mla cha mtu ulimi wake huwa mfupi. Akasema tu, "Mzee, tupime."

Wakajaza tangi pomoni kituoni pale Musoma, wakaondoka wawili. Hapo ndipo Masatu alipoponzwa na ufundi wake. Kwao Mugeta, mwenye shamba akija kutazama, hata mvivu hunyoosha mfereji wa jembe la ng'ombe. Akashika mwendo wa themanini. Kiyoyozi akakizima, maana kulikuwa na ubaridi. Kwenye miteremko ya Kiabakari akainua mguu, gari likaserereka lenyewe. Bosi, ambaye kila siku hufoka "Kanyaga!", siku hiyo alitulia tuli, hana haraka ya kwenda popote. Walipogeuza Bunda, Masatu alikuwa na furaha ya kweli. Kwa mara ya kwanza alikuwa analiendesha gari lile inavyotakiwa.

Waliporudi Musoma, kwenye kituo kilekile, wakajaza tena, bosi akagawanya kilomita kwa lita kwenye simu. Kumi kasoro kidogo.

"Umeona, mzee?" Masatu akatabasamu. Kisha akaona uso wa bosi, tabasamu likamfia mdomoni.

"Nimeona. Leo hujapata nafasi ya kunyonya, limefika kumi."

"Mzee, leo tumekwenda polepole! Siku zote unaniambiaga nikanyage."

"Kwa hiyo mimi ndiyo nakunywaga dizeli?"

Wahudumu wa kituo wakaangua kicheko. Bosi akanyoosha mkono, Masatu akaweka funguo kwenye kiganja chake. Hakufukuzwa kwa maneno. Hakukuwa na haja.

Nyumbani alimweleza mkewe, Rhobi, kila kitu: mwendo wa themanini na ule wa mia na arobaini, miteremko, kiyoyozi, saa mbili za misibani, kilomita saba na kilomita kumi. Rhobi alisikiliza hadi mwisho huku akichambua dagaa, mikono yake ikizidi kupunguza mwendo.

"Nikuulize tu, Baba Selestina," akasema kwa upole. "Hayo mafuta, kweli ulikuwaga huyauzi?"

Kicheko cha kituoni Masatu alikuwa amekistahimili. Hili la mama wa watoto wake hakuliweza. Aliinuka, akatoka hadi nyuma ya nyumba, akalia.