Bi Subiri na Kitufe cha Zuia

"Shangazi, kama mashine inajua yote, wewe unafanya nini hapo?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la nne. Alicheka tu, akaniambia nimsogezee feni.

Shangazi, dada yake baba, alifanyia kazi nyumbani, kwenye meza yetu ya kulia. Kampuni yao iliwatunzia watu sarafu za kidijitali. Waliozihamisha ni mawakala wa akili mnemba, yaani programu zinazojiamulia zenyewe, na yeye ndiye aliyewasimamia. Muamala mkubwa ulimtokea kwenye skrini na vitufe viwili: Ruhusu na Zuia. Kuzuia kulihitaji kibali cha bosi. Kibali kisipokuja upesi, muamala unapita wenyewe, eti wateja wasicheleweshwe. Wenzake walibonyeza Ruhusu huku wakinywa chai. Yeye alisoma kila neno, wakambandika jina la Bi Subiri.

Asubuhi moja ya likizo nikamwona ameacha kutafuna andazi lake. Wakala alitaka kupeleka akiba yote ya chama cha madereva wastaafu kwenye akaunti ngeni kabisa. Akabonyeza Zuia, akampigia bosi, simu ikiwa kwenye spika.

"Bosi, hii akaunti siijui."

"Wakala ameeleza sababu?"

"Ameeleza, tena vizuri mno. Ndicho kinachonitia wasiwasi."

"Bi Subiri, we nawe! Kila siku unaona majambazi."

"Nipe kibali tu, nakuomba. Ni wazee wa watu hawa."

"Haya, ngoja nimalize kikao."

Akakata. Shangazi akaendelea kubonyeza Zuia, anabonyeza, anabonyeza, kama mtu anayeita lifti iliyoharibika. Skrini ikaandika: Umekamilika. Sarafu zile zikishatoka hazina wa kuzirudisha.

Kumbe wezi walimlaghai wakala kwa maagizo ya uongo. Kampuni ikatangaza kwamba msimamizi alikuwepo kazini, kisha ikamwachisha kazi. Dereva mmoja mzee akaja hadi getini kwetu, kofia mkononi.

"Mama, ulikuwa unaona?"

"Nilikuwa naona, baba."

Mzee akatikisa kichwa, akaondoka. Afadhali angetukana.

Sasa niko kidato cha tatu, na shangazi anauza vocha za simu dirishani. Juzi nikamuuliza tena swali lile lile. Safari hii hakucheka.

"Walihitaji mtu wa kumfukuza, mwanangu. Programu utaifukuzaje?"