Mbuzi Tatu za Sajini Nzioka

Mwaka wa 1974, nikiwa na miaka kumi na miwili, mvua ilikataa kwetu Tulia, ng'ombe za baba zikaisha, na shule yangu ikaishia hapo. Nilichoma makaa, nikachunga mifugo ya watu, nikabeba mchanga. Nyinyi vijana mnaovaa buti leo mjue: mimi sikuingizwa kazi ya jela na mjomba. Waliita vijana uwanjani tukimbie, nikakimbia miguu mitupu nikawaacha wenye viatu.

Siku ya kwanza kazini, katika jela moja ndogo upande wa Kitui, Chifu Ofisa alinitazama kutoka kofia hadi buti. "Unajua kuhesabu?"

"Ndio, afande."

"Tutaona." Akanikabidhi kwa askari mrefu, mwembamba, aliyenitangulia kazini kidogo. Huyo ndiye Nzioka.

Nzioka ndiye alinifundisha kaba. Kaba ni vile wafungwa huchuchumaa safu za watano watano ili wahesabiwe, asubuhi seli zikifunguliwa na jioni kabla ya kufungwa. Akikosekana mmoja, hakuna askari anaenda nyumbani, hata Chifu Ofisa mwenyewe. Wengi wetu tulihesabu kwa kugusa vichwa na rungu. Nzioka alihesabu kwa macho, na akimaliza anasema, "Asanteni, wazee. Inukeni."

Nilimcheka. "Wazee gani? Hawa ni wezi."

"Mwizi mwenye mvi ni mzee, ndugu yangu."

Kundi la wafungwa wanaotoka kulima nje tuliliita gengi, na mfungwa anayeaminiwa kusimamia wenzake ni nyapara. Nyapara wetu alikuwa Kimanthi wa Ikutha, aliyefungwa kwa kuiba mbuzi. Alijua udongo kuliko sisi wote. Nzioka alipenda kusimama karibu naye shambani, na mimi niliona ni uzembe. Sheria ilikuwa wazi: askari hana urafiki na mfungwa, awe ndani, awe ametoka. Chifu Ofisa alitwambia kwenye paredi, "Nikisikia umekunywa chai na mtu uliyemfunga, utavua hiyo kofia." Nilishuhudia mmoja akiivua. Mimi nilishika sheria hiyo mpaka siku ya mwisho, na ndiyo ilinipandisha cheo hadi Koplo.

Tulihamishwa pamoja hadi Makueni. Wakati huo Nzioka alikuwa ameoa msichana wa Mbooni, Mama Mwende. Mke wake akijifungua, yeye ndiye alifua nepi kwenye bomba la lain, pale tulipoishi askari, mbele ya kila mtu. Sajini wa zamu akamwuliza, "Nzioka, mke amekuhukumu miaka mingapi?"

"Maisha, afande. Na sikati rufaa."

Tulicheka mpaka wafungwa wakachungulia. Lakini ndivyo alivyokuwa. Mke aliporudi kukaa Mbooni, yeye akipata ofu, siku ya mapumziko, anapanda ile milima kwenda kwake na sukari mkononi, hata usafiri ukikosekana. Hakunywa, hakuwa na mwanamke wa pembeni. Alipostaafu akiwa Sajini, aliingia kwenye shamba alilonunua hukohuko Mbooni, akapanda miparachichi, akawa mzee wa kanisa. Kama mtu angeniuliza ni nani ameoa sawasawa kati yetu, ningemtaja yeye kabla yangu.

Mwaka huu asubuhi moja Mama Mwende alinipigia simu. "Koplo, mwenzako ameanguka kwa miparachichi. Hajaamka." Niliweka simu chini nikabaki nimekaa, uji ukapoa.

Kumbe huo ulikuwa mshtuko wa kwanza tu. Kwenye mkutano wa mazishi, ndugu wa Mama Mwende walifika wakiongozwa na mkubwa wao, Mulwa. Hakusalimia vizuri.

"Dada yetu hakuolewa hapa," Mulwa alisema. "Ntheo haikuletwa. Kaburi halichimbwi, na yeye hataketi kwa kiti cha mjane. Tunamchukua na watoto wake."

Kwa asiye Mkamba: ntheo ni mbuzi tatu ambazo mwanamume hupeleka kwa wakwe, akisindikizwa na mzee wa kumsemea. Bila hizo, hata mzae watoto kumi, hata mbarikiwe kanisani, kwetu huyo si mke.

Mama Mwende alisimama. "Zililetwa. Nilikuwa jikoni kwa mama, niliziona. Nzioka alikuja na mjomba wake, Kimanthi."

"Aliyezipokea ni baba, na baba amekufa. Huyo mjomba nani anamjua?"

Binamu mmoja wa Nzioka, ndiye pekee aliyekuja kutoka ukoo wake, akatikisa kichwa. "Kwetu hakuna Kimanthi, wala kwa kina mama yake."

Mwende, binti mkubwa, mwalimu mzima mwenye watoto wake, aliinamisha uso kama mtu aliyepigwa kofi. Nilijua Kimanthi mmoja tu duniani. Nikasema, "Nipeni hadi kesho."

Nilimpata Ikutha akirekebisha boma. Amezeeka, meno machache. Aliponiona nikishuka kwa bodaboda, alinitazama kidogo, halafu akachuchumaa, mikono juu ya magoti. Sijawahi kuona aibu kama ile.

"Simama, mzee. Niliacha kazi."

"Hata mimi niliacha, afande. Ni magoti hayajasikia."

Nilimwambia Nzioka amekufa. Akaketi chini, kisha akainuka akachukua koti lake. Njiani ndipo alinieleza. Ami zake Nzioka walimfukuza yeye na mama yake baba alipokufa, na alipowaomba wamsindikize kwa wakwe walimwambia atafute ukoo mwingine. Kimanthi alikuwa ametoka jela. Nzioka akamwendea.

"Kwa nini si mimi?" nikauliza.

"Hukuwa umeoa. Ambaye hajapeleka yake hawezi kusemea mwenzake mbele ya wakwe."

"Na baadaye? Miaka yote hiyo mimi na yeye tukinywa chai pamoja?"

"Alisema wewe ni mtu wa sheria. Ukiulizwa, utasema."

Ni kweli, ningesema.

Mbooni, Kimanthi alisimama mbele ya watu wote bila kuficha chochote. "Mimi si mjomba wake. Nilikuwa mfungwa wake. Mbuzi nilizipeleka mimi."

Watu wakaguna. Mama Mwende alishika mdomo. Hata yeye alikuwa hajui.

"Ulifungwa kwa nini?" Mulwa akauliza.

"Kuiba mbuzi."

Mmoja nyuma akacheka. "Basi tumelishwa mbuzi za wizi!"

"Zile zilinunuliwa sokoni mchana, na mshahara wa serikali," Kimanthi alisema. "Ndizo mbuzi za pekee nimewahi kuswaga bila kuangalia nyuma. Majike mawili na dume. Jike moja lilikuwa na sikio limepasuka. Lilimkanyaga mtoto mmoja wa boma, akalia, baba yake akamwambia hilo sasa ni lake, alichunge." Akamgeukia Mulwa. "Wewe ulikuwa na kovu hapa kwa nyusi."

Mulwa aliinua mkono, akagusa nyusi. Aliketi polepole.

"Nililiita Katumbi," akasema hatimaye. "Lilizaa mara nyingi. Sikujua lilikuja na ntheo." Kisha akawaambia vijana wake, "Chukueni jembe."

Mama Mwende aliketi kwa kiti cha mjane. Kimanthi alikaa kwa wazee wa ukoo, na hakuna aliyemwondoa.

Mimi nimehesabu watu maisha yangu yote ya kazi, na Nzioka sikumjua. Niliporudi Tulia nilianza kuuliza habari ya wale wazee walionisindikiza mimi kwa wakwe. Wote wamekufa, isipokuwa mmoja, na huyo haoni. Wiki iliyofuata nilimpeleka kifungua mimba wangu kwake, nikamwambia, "Kaa hapa. Sikiliza mbuzi za mama yako zilivyofika, zilikuwa na rangi gani, na nani alizishika kamba."

Leo niko na shamba ekari tano. Nyumba ya matofali. Tangi la maji. Ng'ombe wawili wa maziwa. Pensheni. Buti za kazi, bado zinang'aa. Mke mmoja. Shahidi mmoja kipofu, na kijana ambaye amemsikia.