Jina Nililoliruka Ukutani

Ushirika ulipotupunguza kazini, mimi nilikuwa karani wa ghala la pamba karibu na Nkoma. Wanunuzi binafsi walikuwa wameshaingia na mizani yao, ghala likabaki na popo. Nilirudi kwa mama, pale Bariadi. Kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri, nikaanza kuandika vibao. Miaka ile kila mtu alifungua duka, na kila duka lilitaka kibao.

Ndiyo sababu askari wastaafu waliopigana Uganda walinifuata. Walikuwa wamepewa kiwanja kando ya barabara wakatengeneza bustani: miarobaini michanga, ua wa minyaa, mabenchi manne ya saruji, na ukuta mmoja mweupe. Ukutani walitaka majina ya watu wa kwetu waliokwenda na hawakurudi. Mwenyekiti wao, mwanamume mrefu aliyechechemea mguu wa kushoto, alinikabidhi orodha akaondoka haraka. Jina la kaka yangu lilikuwa la saba.

Kaka alikuwa ameondoka na lori la wanamgambo nikiwa darasa la sita. Vita vikaisha, wenzake wakarudi, yeye hakurudi, wala hakuna aliyekuja kutuambia neno. Baba alikufa akiulizia. Mama hakuulizia. Alisema tu kwamba Uganda ni mbali na huenda mtoto kaoa huko. Nguo zake alizifua kila kiangazi, akazianika, akazirudisha sandukuni.

Niliandika majina sita, nikaacha nafasi, nikaendelea na la nane. Sikuwa na uchungu wowote. Nilikuwa nafikiria rangi tu, kwamba ni nzito na inahitaji mafuta ya taa kidogo.

Siku ya pili mwenyekiti alikuja kukagua. Alisimama mbele ya ile nafasi kwa muda mrefu.

"Umeruka mmoja," alisema.

"Ni kaka yangu. Mama bado anamngoja."

Alivua kofia, akaivaa tena. Kisha akasema, "Twende kwa mama yako."

Tulimkuta uani anachambua mchele. Mwenyekiti akainama kidogo, akamwamkia kwa Kisukuma kama mtu anavyomwamkia mama yake.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba. Karibu kiti."

Hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama, kama mtu anayetoa ripoti. Alikuwa kombania moja na kaka. Kaka alipigwa risasi asubuhi moja, wakiwa wanavuka mto, akafa kabla ya kufikishwa ng'ambo. Yeye na wenzake wawili walimzika kwenye shamba la migomba.

Mama aliendelea kuchambua. "Mbona hukuja kuniambia?"

"Tuliambiwa barua itawafikia wazazi. Niliporudi nikasikia haikufika. Nikaona aibu, mayu. Nikikuona sokoni nilikuwa napita njia nyingine."

"Nilikuwa nakuona," mama alisema. "Nilidhani ni mguu."

Kuku mmoja akaja kwenye ungo, mama akamfukuza kwa mkono.

"Mlimzika na viatu?"

"Ndiyo, mayu. Na koti lake."

"Vizuri."

Kisha akaingia jikoni akapika ugali, akamwekea na mlenda. Mwenyekiti alikula chote. Naamini hakuwa na njaa. Alipomaliza akanawa, akaaga kwa sauti ndogo. Mama akamsindikiza mpaka njia panda, kama inavyompasa mgeni, na sijui huko walisemezana nini.

Kesho yake tukaweka msiba. Watu walikuja na kuni na unga, wakakaa, lakini wengi hawakujua waweke uso gani. Marehemu alikuwa na miaka kumi na zaidi ardhini. Padri alisali, shangazi zangu walilia kwa zamu. Mimi nilichota maji, nikaosha vyombo, nikapokea salamu za pole. Kila aliyenishika mkono niliona anamshika mtu mwingine aliyesimama mahali pangu. Siku ya tatu mama alinyolewa nywele. Kichwa chake kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani.

Msiba ulipoanuliwa nilirudi bustanini, nikaandika jina la kaka. Lilichukua dakika chache. Herufi zilinyooka. Nilingoja nione kama kuna kitu kitakuja, machozi au hata kizunguzungu, hakikuja. Nikaosha brashi.

Siku ya kufungua bustani viongozi walikuja, wakachelewa. Mama hakujua kusoma, akaniomba nimwonyeshe. Nikamshika mkono, nikauweka kwenye jina. Alipitisha kidole toka mwanzo hadi mwisho, polepole.

"Ni refu," alisema.

"Nimeweka na jina la baba."

Akatikisa kichwa kukubali. Tukakaa kwenye benchi, mwenyekiti akaja akakaa upande wake wa pili. Mgeni rasmi alipoanza kusoma hotuba yake, mama alinigusa goti.

"Twende. Pamba imepasuka shambani, na upepo huu utaidondosha."

Tukatoka kwa upande wa nyuma, mwenyekiti naye akanyanyuka akatufuata. Mchana ule tulichuma mistari mitatu, watu watatu, kila mmoja na wake. Mwenyekiti alichuma vizuri kuliko mimi. Jua lilipoanza kushuka mama alimwuliza kama kaka aliwahi kupataja nyumbani. Akasema ndiyo, alikuwa akilalamika kwamba chakula cha jeshi hakina mlenda.

Mama akacheka kidogo, akaendelea kuchuma.