Jumamosi Hachezi

Juzi, kwenye basi la kwenda Stratford, huku ughaibuni, mbele yangu alikaa mama Mkenya na mwanawe, mchezaji wa kulipwa wa hoki ya barafu. Wiki iliyopita kijana alibamizwa ukutani mchezoni, akaumia kichwa. Simu yake ikalia. Mama akaipokea yeye.

“Daktari wetu amesema yuko sawa,” kocha wake alisikika akisema kwa Kiingereza.

“Asubuhi ameniuliza mara tatu leo ni siku gani. Jumamosi hachezi!”

Akakata.

“Mum, nitapoteza nafasi yangu,” kijana akanong'ona.

“Nafasi utapata nyingine. Kichwa utakitoa wapi?”

Kijana alimwegemea mamake begani, akafumba macho.

Wapo watakaosema mama ameingilia kazi ya watu. Na aingilie!