Chupa ya Nathalie na Mvua ya Nakivale

Nathalie Mukarukundo ni binti wa Nehemiya, aliyeshusha ng'ombe kutoka Minembwe risasi zikilia na asiache hata ndama. Mjukuu wa Annonciata, aliyezalisha wanawake wa mlima mzima. Yeye mwenyewe alifika Kabazana, hapa kambini Nakivale, mgongoni mwa mama yake. Leo anatengeneza dawa katika maabara ya Mbarara. Wanaomwita muuza vidonge wanyamaze.

Kuna dawa ya minyoo isiyoyeyuka: mtoto anaimeza, inapita tumboni kama changarawe. Nathalie huisaga pamoja na asidi ya matunda mpaka viwili vishikane kuwa fuwele moja, punje mpya inayoyeyuka. Adui wake ni unyevu. Ukiingia, viwili vinaachana na kazi imeharibika.

Kwa hiyo akaleta chupa ya vidonge kwa kaka yake mkubwa, Modeste. Ilifunikwa kitambaa tu, ikae chini ya bati linalotoka jasho msimu mzima wa mvua, mtu asiguse. Fuwele zisiposhinda mvua yetu, maabara inaacha dawa hiyo.

Aliporudi, chupa ilikuwa tupu.

"Yaya Modeste, vinini viko wapi?"

"Tuligawa. Mutoto wa Eliane alilia tumbo, na baba Patrice pia."

"Nilikuambia haijajaribiwa kwa mutu!"

"Sasa juu ya nini unaleta dawa fasi ya bagonjwa, unasema tuiangalie? Tuko basoda ba Mbarara, tulinde chupa na bunduki?"

Mimi jirani yao nilikuwepo, na sikucheka. Kwetu ukipewa vidonge, nusu ni vya jirani. Hivyo ndivyo tulivyobaki hai. Lakini hivyo pia kila mmoja anameza nusu dawa, haponi, kisha tunatukana dawa. Hilo linaniudhi mpaka leo.

Nathalie alipita nyumba kwa nyumba akifoka, akawapeleka dispensari wote waliomeza. Asante Mungu, hakuna aliyedhurika. Mbarara walimgombeza, akagombana nao, akapewa chupa moja ya mwisho.

Hakumpa Modeste. Aliingia kwa Eliane, jirani aliyekuwa wa kwanza kuomba dawa.

"Mimi tena, Nathalie? Mimi mwizi wako?"

"Wewe. Bakikuomba, unajua namna banaomba. Weka pale bati linatoka jasho mingi. Mwenye kugonjwa umupeleke dispensari, hata mvua inyeshe. Kinini kisitoke, hata kwa mama yangu. Mvua ikiisha, uilete Mbarara wewe mwenyewe."