Majivu ya Moto Wangu

Mimi nimeshaliliwa. Wanaonijua wanajua, na wewe usiyenijua usinitolee macho. Naitwa Dalmas, nina mashine ya kusaga unga karibu na ziwa, chini kidogo ya Kombewa, na mwaka jana ndugu zangu waliniombolezea huku mimi niko Kisumu nakunywa uji wa hospitali. Lakini ninayetaka kusimulia habari zake hapa ni Winny, yule mama wa mkoba wa buluu anayetembelea wagonjwa kijijini kwetu, kwa sababu bila yeye lile kosa lingetimia.

Ilianza na nimonia. Nililala wodini siku kumi na moja, mpira wa oksijeni puani. Siku ya nane wakanihamisha kitanda, na siku hiyohiyo binamu yangu Tom akaja kuniona. Akakuta godoro limekunjwa, shuka zimetolewa. Hakuuliza muuguzi, hakuuliza hata mfagiaji. Tom ni mtu wa pupa tangu utotoni. Alipiga simu nyumbani akilia, na jioni hiyo nduru zikapigwa bomani kwetu, wazee wakawasha magenga, ule moto mkubwa unaowashwa uani mwanamume akifa.

Asubuhi ikajulikana niko hai. Ungedhani watu watacheka yaishe. Thubutu. Moto ulizimika wenyewe lakini majivu yakabaki, maana majivu ya magenga yana utaratibu wake wa kuondolewa, na utaratibu huo unataka maiti. Baba mdogo Oluoch, mkubwa wa boma, alisema yasiguswe mpaka aulize wazee wenzake. Hakuuliza mtu.

Niliporuhusiwa, boda ilinishusha langoni nikiwa na dawa za siku tano na barua ya kusema nionwe dispensari ndani ya wiki moja. Kitu cha kwanza nilichoona ni rundo la majivu mbele ya mlango wangu. Cha pili ni mke wangu, Emmaculate, amevaa koti langu, kama wanavyovaa wajane. Nikamsalimu. Alinitazama miguu kwanza, kisha akaniletea chai, akaiweka chini mbali na mkono wangu.

Sikumlaumu sana. Yeye ni wa Bungoma, alifuata alichoambiwa na watu wa kwetu, na walimwambia koti lililovaliwa kwa msiba halivuliwi hivihivi. Lakini wengine niliwachukia, nasema wazi. Watoto walikatazwa kupita uani. Nikitoa salamu, mtu anatazama majivu badala ya kunitazama mimi. Dawa zilipoisha, homa ikarudi na kikohozi kikarudi, nami sikuwa na pumzi ya kufika hata langoni. Emmaculate alitafuta boda mara mbili, na mara zote mbili wakakataa kubeba mtu wa boma lile.

Ubaya zaidi, nilianza kuwaamini. Nilikaa mlangoni mchana kutwa nikitazama majivu na kusikiliza kifua changu kikichemka, nikajiuliza kama kweli Tom alikosea. Labda nilikufa, ila mimi ndiye sikupata habari.

Na Winny hakuja. Kazi yake ni hiyo hasa: kila mtu wa kijiji aliyelazwa kwa nimonia yuko daftarini mwake, na akiruhusiwa Winny humtembelea siku ya tatu, ya saba, mpaka mwezi uishe, kwa sababu wengi huzidiwa tena wakiwa nyumbani, wodi ikishawasahau. Nilimngoja kwa hasira. Baadaye nikamngoja kwa woga, halafu nikaacha kumngoja.

Siku ya tisa, saa nane mchana, jua linawaka, nikiwa nimelala ndani, sauti ikaita jina langu kutoka uani. Mara moja tu. Mwili ukanisisimka. Bibi yangu alitufundisha kwamba ukiitwa mara moja na humwoni anayekuita, usiitike, ni wafu hao. Nikanyamaza. Sauti nayo ikanyamaza. Kisha nikasikia nyayo zikitembea juu ya majivu, polepole, pale ambapo hakuna aliyethubutu kukanyaga. Nikafumba macho. Nilijua wamekuja kunichukua.

"Dalmas wa mashine," sauti ikasema, sasa iko mlangoni. "Kama ni wewe unayekohoa, kohoa tena."

Nikakohoa. Hilo halikuhitaji bidii.

Alikuwa Winny, viatu vimejaa majivu. Alikuwa akienda kumwona mama aliyejifungua nyumba ya jirani, akasikia kikohozi kwenye nyumba ya marehemu. Watu walimwambia asisimame. Lakini aliinama, akafungua saa ya simu, akatazama kifua changu dakika nzima. Pumzi thelathini na nne. Akanibana kidole kwa kifaa kidogo cha kupima oksijeni, akaona namba, akauma mdomo. Akampigia kaka yake mwenye boda aje mbio anipeleke hospitali ya Kombewa. Ndipo akafungua daftari akanionyesha. Jina langu lilikuwa limekatwa kwa mstari mmoja, ulionyooka, wa rula.

"Nilisikia nduru," akasema. "Sikuja kuangalia. Nilikukata tu. Nisamehe."

Nilitaka kumtukana. Pumzi haikutosha, na leo nashukuru haikutosha.

Kombewa walinilaza siku nne. Niliporudi, Winny alikuja kesho yake, na akaendelea kuja. Barua aliipeleka dispensari kwa mkono wake, vidonge akavihesabu mbele yangu. Kisha akasema mapafu yangu yanataka kazi ndogo kila siku. Akachukua beseni, akachota majivu, akaniwekea mikononi. Niende mpaka kwenye migomba na kurudi, yeye atahesabu pumzi. Oluoch akaja na fimbo, akifoka kwamba hayo hayaguswi. Winny hakuinua macho kwenye simu. Alimwomba tu mzee angoje dakika iishe.

Siku ya kwanza, nusu beseni ilinikalisha chini mara tatu. Kila siku Emmaculate alitazama kutoka jikoni, mikono ndani ya mifuko ya koti langu. Wiki ya nne nilikuwa nabeba beseni zima, na pumzi zimeshuka hadi kumi na nane.

La mwisho nililibeba siku ya manyunyu. Niliporudi, uani palibaki udongo mtupu, unalowa. Winny alikuwa akiandika jina langu upya, chini ya lile alilokata. Emmaculate akatoka jikoni. Akafungua vifungo kimoja kimoja, akavua koti, akanivika. Vidole vyake vikanigusa shingo, mara ya kwanza tangu nirudi.

"Vaa," akasema. "Utapata baridi."

Koti lilinuka moshi wa msiba wangu, na lilikuwa bado na joto la mwili wake.