Goti Mbele ya Taa ya Sebuleni

Baba alivuka mto kutoka Lupiro akiwa na ombi moja tu: harusi yangu ifungwe kwetu, ng'ambo, ili bibi aione. Bibi, mama yake mzazi, miguu ilikuwa imekwisha, na kumpandisha kwenye kivuko ilikuwa kumtafutia kifo. Lakini miaka ile ya hamsini, kama sasa, harusi ilifungwa upande wa mwanamke, kwa hiyo ilibidi wakwe wakubali. Mshenga akasema neno hilo baba alitamke mwenyewe.

Wakwe zangu walikaa Mlabani, hapo Ifakara, na nyumba yao watu waliiita Nyumba ya Taa. Mkwe alikuwa na ugonjwa wa taa za kale. Zile walizoziacha Wajerumani alizisaka, akazing'arisha, akazitundika: za shaba za ukutani zenye vioo vilivyokunjwa kama ua, na kubwa ya darini yenye vipande vya vioo vilivyogongana upepo ukipita. Watu walikuja kuzitazama tu, wakaenda zao. Mimi niliionea fahari nyumba ile kuliko ya kwetu. Ujana huo, basi tena.

Siku hiyo, kwa kutuheshimu, mkwe aliwasha ile nyekundu iliyoning'inia kwa minyororo mitatu. Mchana kweupe! Baba akavua kofia mlangoni, akainua macho. Sasa jamani, mtu aliyekulia misheni, taa nyekundu inayowaka mchana ameiona mahali pamoja tu: kanisani, penye Ekaristi. Akapiga goti, pu! Akafanya ishara ya msalaba, akainamisha kichwa.

Kisha shangazi wa mchumba wangu akasema, "Mzee, inuka, hapa komunyo haitolewi!"

Lo, kicheko! Hata mkwe, mtu mpole yule, alifuta machozi. Baba naye akacheka huku akipangusa goti. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilimwonea haya baba yangu mzazi, nikakodolea macho viatu vyangu mpaka chai ikaletwa.

Tulipokwisha kunywa, mkwe akasema, "Haya, mzee mwenzangu, tumesikia una neno."

Baba akanigeukia. Nilihisi ananitazama, lakini sikuinua uso.

"Hapana," akasema. "Nilikuja kuwasalimu tu."

Njiani kurudi kivukoni nilimjia juu. "Baba, na bibi je? Si ndilo lililokuleta? Mbona umenyamaza?"

Nilitegemea anikaripie, maana hakuwa mtu wa kujibizwa na watoto wake. Hakunikaripia. Alisimama, akaivaa kofia yake vizuri.

"Nilikutazama wewe kwanza, mwanangu," akasema. "Nikaona unanionea haya. Nikajiuliza, bibi yako naye utamficha wapi?"

Harusi ilifungwa Ifakara.